Makaratasi ya opereta wa kreni Mombasa: ya mtu, ya barabara na ya mashine

Vijana wa Changamwe, Jomvu na Likoni wanaotaka kazi ya kreni huuliza swali moja: leseni yake inakatwa wapi? Wengi huzunguka dirisha hadi dirisha wakitafuta kadi ambayo haipo. Kenya haina kadi moja ya serikali ya kuendesha kreni. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inasema mashine ya kuinulia mizigo isiendeshwe ila na mtu aliyefunzwa na anayeimudu mashine hiyo, na kwamba anayejifunza aishike tu akiwa chini ya macho ya mtu mwenye ujuzi. Namna ya kuthibitisha kwamba umefunzwa na unaimudu ndiyo inayozaa makaratasi: cheti cha ufundi, leseni ya udereva ikiwa mashine inapita barabarani, ripoti ya daktari, na vyeti vya mashine yenyewe. Moja likikosekana, kazi inasimama langoni, na ajali ikitokea wewe ndiye utakayeulizwa mwanzo.

Tuelewane kwanza kuhusu majina. Bandarini wazee wengi huita mashine nzima winchi. Hapa kreni ni mashine nzima, na winchi ni ngoma inayokunja kamba ya waya.

Amua aina ya mashine kabla ya kulipa karo

Kosa la kwanza, na ndilo linalokula pesa nyingi, ni kusomea "kreni" bila kuuliza kreni gani. Kreni ya gari yenye bumu (mkono wa kuinulia) la kurefuka, kreni ya mnara kama zile za maghorofa ya Nyali na Kizingo, kreni ya juu inayotembea kwenye reli ndani ya karakana, hoisti ya kupandisha vifaa kwenye jengo, lori lenye kreni mgongoni, na zile kubwa za kushusha kontena melini: kila moja ina ujuzi wake. Aliyezoea kreni ya gari akipandishwa kwenye mnara hataijua breki ya kuzungukia wala mipaka ya troli, kile kigari kinachobeba ndoano kwenye bumu. Cheti chako kitaje aina ya mashine, na kama kuna nafasi, kitaje na uwezo wake kwa tani. Cheti kilichoandikwa "opereta wa mitambo" peke yake hakimwambii msimamizi wa usalama kitu, na atakurudisha.

Kwa mashine za gatini mambo ni tofauti kidogo. Kreni za meli na zile za magurudumu ya mpira zinazopanga kontena uwanjani mara nyingi hufundishwa na mwajiri mwenyewe baada ya kukuajiri, kwa sababu mashine ziko kwake. Huwezi kutoka mtaani ukafanyie mazoezi kwenye kreni ya meli Kilindini. Njia ya kawaida ni kuanza na foklifti, trekta la kontena au lile la kushika kontena kwa mkono wa mbele, ukipanda ngazi kwa ngazi.

Cheti cha ufundi

NITA, yaani Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, hutahini ufundi kwa daraja tatu. Unaanza na Daraja la III, unapanda hadi la II, kisha la I. Huu ndio mlango wa fundi aliyejifunzia kazini bila kukaa darasani: NITA hupima unachoweza kufanya, kwa maswali ya nadharia na kazi ya mikono. Ina kituo Mombasa, kwa hivyo si lazima upande basi la Nairobi. Mitihani huja kwa awamu, na usajili hufungwa kabla ya siku yenyewe, basi nenda mapema na kitambulisho, picha za pasipoti na barua ya mwajiri au ya chuo inayosema umefanya kazi na mashine gani.

Anayetaka kusoma kwanza ana Bandari Maritime Academy hapa hapa Mombasa, chuo kinachofunza uendeshaji wa vifaa vya bandari. Bara kuna Kenya Institute of Highways and Building Technology, kinachofunza waendeshaji wa mitambo ya barabara na ujenzi. Vyuo vidogo vya watu binafsi ni vingi. Kabla ya kulipa, uliza mambo matatu: je, chuo kimesajiliwa, je, mwisho wa kozi utatahiniwa na NITA au chombo kingine cha serikali, na je, kina mashine yake ya mazoezi au mtasoma kwa picha? Kozi ya siku tano isiyo na kreni uwanjani inakupa karatasi ya mahudhurio, basi. Na cheti cha kununua kitakuua au kitamuua mpiga ishara wako, yule anayekuongoza kwa mikono kutoka chini. Tunalisema wazi kwa sababu biashara hiyo ipo.

Fungua daftari la saa tangu siku ya kwanza. Safu zake: tarehe, mahali, aina na nambari ya mashine, mzigo mzito kuliko yote siku hiyo, saa ulizofanya, sahihi ya msimamizi. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakufungulia milango ambayo cheti peke yake hakiwezi.

Siku ya mtihani wa vitendo

Hapa ndipo watu hodari wa mikono huanguka, kwa sababu wanakimbilia kebini. Mtahini anaanza kukuangalia ukiwa bado chini.

Zunguka mashine yote kabla ya kuigusa. Tazama magurudumu, mafuta yanayovuja kwenye mabomba ya haidroliki, pini za bumu, kilimi cha usalama cha ndoano. Pima mdomo wa ndoano kwa kalipa: ukiwa umefunguka zaidi ya asilimia 5 ya kipimo chake cha asili, au shingo imejipinda, ndoano hiyo imeshabebeshwa kuliko uwezo wake na haifai tena. Kisha kamba ya waya. Chukua kitambaa, futa grisi kwenye kipande kinachopita kwenye kapi mara nyingi, maana ndicho kinachochoka kwanza. Tuseme kamba ni ya milimita 16, ya nyuzi 6 zenye waya 36 kila uzi, yaani waya 216 kwa jumla. Pima urefu wa mara kumi ya kipenyo, milimita 160, uhesabu waya zilizokatika ndani yake. Zikizidi asilimia 5, yaani zaidi ya 10, kamba inatolewa. Kipenyo hupimwa migongoni mwa nyuzi, sehemu nene kabisa, wala si mabondeni. Usipitishe kiganja kitupu juu ya kamba, waya iliyokatika huchana kama wembe. Mombasa ongeza jambo moja: chumvi. Kamba inaweza kung'aa kwa nje huku ndani inaliwa. Ukiona unga mkavu mwekundu ukitoka kati ya nyuzi kamba inapopinda kwenye kapi, usiridhike na grisi iliyopakwa juu.

Baada ya hapo, miguu ya kutegemeza. Itoe yote mpaka mwisho, isipokuwa jedwali la mzigo la mashine (orodha ya uzito inaoruhusiwa kuinua kwa kila umbali) lina hesabu ya miguu iliyotolewa nusu. Magurudumu yainuke kutoka ardhini ikiwa kitabu kinasema hivyo, na kipimo cha usawa kiwe katikati. Kisha uwaze ardhi. Mguu mmoja ukibeba tani 20 juu ya sahani ya sentimita 50 kwa 50, kila mita ya mraba ya ardhi inabebeshwa tani 80. Weka chini yake ubao mgumu au bamba la mita 1.2 kwa 1.2, na shinikizo linashuka hadi karibu tani 14. Kisiwani, jiwe la matumbawe huonekana gumu juu lakini chini lina mapango. Kwenye mitaa ya zamani kama Majengo na Mji wa Kale kuna visima na vyoo vya shimo vilivyofunikwa miaka mingi, na mwenye nyumba wa leo huenda hajui. Waulize wazee wa hapo, piga nondo ardhini, na kama kuna mtaro wazi, kaa mbali nao angalau kiasi cha kina chake.

Sasa jedwali la mzigo. Swali hili hutokea karibu kila mtihani, na nje ya mtihani ndilo linalopindua kreni. Kreni inayoitwa ya tani 50 hubeba tani 50 ikiwa ndoano iko karibu sana na mashine, kwa kawaida mita 3 hivi. Ukiisogeza hadi mita 20 zinabaki tani chache tu. Umbali hupimwa kutoka katikati ya mhimili wa kuzungukia hadi katikati ya ndoano. Wengi hupima kutoka kebini au ukingo wa mguu, wakajipunja mita mbili au tatu bila kujua.

Fanya hesabu hii kwa kalamu. Tanki la chuma lina kilo 4,800. Ndoano na kapi lake kilo 350. Slingi (kamba za kufungia mzigo) na sheko (pingu za chuma za kuziunganisha) kilo 90. Jumla ni 5,240. Mtu akisema "mzigo ni tani nne na nukta nane" amesahau kilo 440, na kreni haisahau. Sasa tuseme jedwali la mashine yako, kwa bumu la mita 18 na umbali wa mita 12, linaruhusu kilo 6,500. Umetumia kama asilimia 80, unaweza kuinua. Halafu mwenye kazi anaomba tanki liwekwe mita mbili mbele zaidi, na kwa mita 14 jedwali linasema 5,100. Umeshapita. Hakuna kengele ya kusubiri hapo. Unasema hapana, kisha unasogeza kreni. Kumbuka pia kwamba bumu hujipinda likishika mzigo na umbali huongezeka wenyewe, kwa hivyo kipimo ulichopata ndoano ikiwa tupu si kile utakachokuwa nacho mzigo ukiwa hewani.

Pembe ya slingi inafuata. Mzigo wa tani 2 kwa slingi mbili: zikisimama kwa pembe ya nyuzi 60 kutoka kwenye mlalo, kila moja hubeba tani 1.15. Kwa nyuzi 45, tani 1.41. Kwa nyuzi 30, kila moja hubeba tani 2 nzima, ingawa ziko mbili. Ndiyo maana slingi fupi zilizotandazwa hukatika juu ya mzigo ambao "jana tuliubeba vizuri tu". Chini ya nyuzi 45 tafuta slingi ndefu au boriti ya kutanulia.

Mwisho mtahini atakuona ukiinua. Inua sentimita 15 hivi, simama, tazama breki inashika, mzigo uko sawa na miguu haizami, ndipo uendelee. Zungusha polepole. Ukisimamisha ghafla, mzigo hubembea kwenda nje na umbali unaongezeka. Usivute mzigo kwa upande, usipite juu ya vichwa vya watu, usiache mzigo ukining'inia ukashuka kebini. Ishara zitoke kwa mtu mmoja tu, ila ishara ya kusimama hutiiwa, yeyote aitoaye. Ishara za mikono zina mifumo zaidi ya mmoja, kwa hivyo kabla ya kuanza kubaliana na mpiga ishara: hii ni kupandisha, hii ni kushusha, hii bumu juu, hii simama. Dakika mbili zinatosha.

Barabarani

Kreni ya gari ni gari. Leseni mpya za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, zina makundi, na kundi G ndilo la mitambo ya viwandani, ujenzi na kilimo. Lori lenye kreni mgongoni litakudai kundi la malori, yaani C na matawi yake, kulingana na uzito. Maombi yote hupitia eCitizen. Lililo muhimu kushika: leseni ya NTSA inakuruhusu kuipeleka mashine kutoka Shimanzi hadi Mtwapa, haikuruhusu kuinua kitu ukifika. Na cheti cha NITA kinakuruhusu kuinua, lakini askari wa barabarani hana haja nacho. Tumeona waajiri wakikubali kimoja badala ya kingine, na mwajiri na opereta wote wawili wanakuwa wamevunja sheria.

Uzito nao una wake. Kanuni za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinaweka ekseli ya usukani tani 8, ekseli moja yenye magurudumu manne tani 10, na gari zima lisizidi tani 56. Kreni kubwa hupita hapo kwa urahisi, kwa hivyo mwenye mashine huomba kibali cha mzigo usio wa kawaida kutoka KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, kabla ya safari. Bila kibali, mizani ya Mariakani itakulaza hapo.

Daktari

Nenda kwa daktari aliyeteuliwa kwa uchunguzi wa wafanyakazi chini ya sheria ya usalama kazini. Karatasi ya zahanati yoyote ya mtaani haitakubaliwa na waajiri wakubwa. Atapima macho, pamoja na kuona umbali na rangi, masikio, presha, sukari, na atakuuliza kuhusu kifafa na kizunguzungu. Sema kweli. Anayezimia akiwa mita 40 juu ya Nyali hana nafasi ya pili. Masikio yapimwe hata kama husikii tatizo, kwa sababu kanuni za kelele za 2005 zinaweka mpaka wa desibeli 90 kwa saa nane na injini iliyo mgongoni mwa kebini hufika huko. Ukiwa na kipimo cha mwanzo, utajua miaka mitano baadaye kama kazi inakula usikivu wako.

Karatasi za mashine

Opereta mwenye vyeti vyote akipanda mashine isiyokaguliwa bado yuko makosani. Wanaokagua ni wale walioidhinishwa na DOSHS, idara ya usalama na afya kazini chini ya Wizara ya Leba, yenye ofisi Mombasa. Kreni hukaguliwa angalau mara moja kila miezi 12. Hoisti na lifti kila miezi 6. Minyororo, kamba, slingi na sheko pia kila miezi 6, na hapa ndipo pengo kubwa lipo: kreni ina cheti kinachong'aa, slingi zake zimeokotwa.

Soma cheti, usikitazame tu. Linganisha nambari ya mashine iliyoandikwa na ile iliyogongwa kwenye bamba la chuma la fremu. Angalia tarehe ya ukaguzi unaofuata. Angalia kama mkaguzi ameandika masharti, kwa mfano kwamba bumu la ziada lisitumike. Kila slingi iwe na kibandiko au bamba lenye nambari na uwezo wake. Isiyo na nambari haina cheti, hata ikiwa mpya. Kreni nayo iandikwe uwezo wake mahali unapoweza kuusoma ukiwa umekaa, na kwa bumu linalobadilika jedwali liwe ndani ya kebini, kwa lugha unayoielewa. Kisha jaribu swichi ya mpaka wa juu: pandisha ndoano tupu polepole uone kama inajizima kabla kapi halijagonga kichwa cha bumu. Ukikuta imefungwa kwa waya ili isisumbue, shuka.

Kuhusu upepo, kitabu cha mashine kina kasi yake ya kusimamia kazi. Kreni nyingi za gari husimama kati ya mita 9 na 14 kwa sekunde, na mzigo mpana kama bunda la mabati husimamisha mapema zaidi. Miezi ya kusi, kuanzia Aprili hivi, mchana huvuma kwa mikupuo ambayo kipima upepo cha chini hakioni. Kiwekwe kwenye ncha ya bumu. Kreni ya mnara ukiiacha jioni, legeza breki ya kuzungukia ili bumu lifuate upepo lenyewe. Ukilifunga, upepo wote unaingia kwenye mnara.

Kuingia bandarini

Kazi ya ndani ya lango inadai pasi ya bandari. Mwajiri huiombea, wewe unaleta kitambulisho na mara nyingi cheti cha mwenendo mwema. Cheti hicho huombwa eCitizen na alama za vidole unaweza kuzitoa Huduma Centre. Kiombe mapema, ndicho kinachochelewesha watu. Lango lina ulinzi wa kanuni za kimataifa za meli na bandari zilizoanza Julai 2004, kwa hivyo pasi ya mwenzako haipiti, na bila helmeti, buti na jaketi la kung'aa huingii.

Anayefikiria Ghuba ajue kwamba waajiri wa huko mara nyingi hutaka upimwe upya na kampuni huru ya ukaguzi hata ukiwa na Daraja la I. Beba daftari la saa, ndilo watakalouliza.

Ukikataa kuinua

Sheria inakutaka uripoti hatari iliyo karibu, na mwajiri hatakiwi kukurudisha hapo mpaka irekebishwe. Fanya hivi: shusha mzigo, zima mashine, toa ufunguo. Mwambie msimamizi kwa maneno machache sababu iliyo kwenye jedwali au kwenye kamba, si hisia. Kisha andika kwenye daftari saa, jina la uliyemwambia, sababu, na alichojibu, mkiwa bado pale pale. Na kreni ikianguka au bumu likivunjika, hata kama hakuna aliyeumia, hilo ni tukio la hatari ambalo mwajiri anapaswa kuiarifu DOSHS. Usiruhusu mtu kusogeza chuma kabla ya picha kupigwa, isipokuwa kuna aliyenaswa chini yake.